Gari la Moshi Lisilo na Moshi

Katika lugha yetu yamo maneno yanayoendelea kuishi hata baada ya kitu chenyewe kubadilika. Neno moja ni "gari la moshi". Wazee wetu waliliita hivyo kwa sababu lilitoa moshi mwingi kama moto wa shamba, na abiria aliyekaa dirishani alishuka na masizi usoni. Treni ya leo itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma haitoi moshi hata kidogo, lakini babu yangu bado huiita gari la moshi, nami sioni sababu ya kumsahihisha.

Nataka kueleza mambo matatu: jinsi treni hii inavyokwenda, jinsi ilivyobadilisha kazi za watu, na jambo linalotupasa sisi tulio shuleni. Nimechagua habari ya reli kwa sababu ndani yake twaweza kuona kwa pamoja mambo ambayo darasani twayasoma mbalimbali, yaani usafiri, viwanda na kompyuta.

Kwanza tuikumbuke reli ya zamani. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati pale Dar es Salaam mwaka wa 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka wa 1907, Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka wa 1914. Tawi la Mwanza lilifunguliwa wakati wa Waingereza, mwaka wa 1928. Upana wake, kutoka chuma kimoja hadi cha pili, ni mita moja tu. Kwa zaidi ya miaka mia moja reli hiyo nyembamba ilibeba mkonge, pamba, ng'ombe, askari, wafanya biashara, na watoto wa shule za bweni pamoja na masanduku yao ya bati. Miji mingi tunayoijua ilikua kwa sababu treni ilisimama pale.

Jiwe la msingi la kipande cha kwanza cha reli ya kisasa, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, liliwekwa mwezi wa Aprili 2017. Upana wake ni milimita 1,435. Treni za abiria zilianza kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Tarehe 1 Agosti mwaka ule ule Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi. Mwendo wake mkubwa ni kilomita 160 kwa saa. Basi la kutoka Dar es Salaam hutumia sehemu kubwa ya siku kufika Dodoma. Treni ya haraka hufika kwa muda usiotimia saa nne.

Hesabu ya kilomita 160 kwa saa huenda isimwambie mtu neno. Basi tuigawanye. Ni mita 44 na zaidi kidogo katika kila sekunde. Kiwanja chetu cha mpira kina urefu wa mita 100. Treni ikipita kando yake itakimaliza kwa sekunde mbili na robo. Golikipa hajawahi kudaka mpira na kuurudisha uwanjani kwa muda mfupi namna hiyo. Tena kitu kizito chenye mwendo huo hakisimami upesi. Dereva akifunga breki, treni hukwenda zaidi ya kilomita moja kabla ya kutulia. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana nitalirudia.

Watu wengi wakiulizwa ni kitu gani kipya katika treni hii, hujibu, "Umeme." Jibu hilo si kamili. Treni ya umeme si uvumbuzi wa juzi. Mwaka wa 1879 Mjerumani Werner von Siemens alionyesha kigari chake cha umeme katika maonyesho ya mjini Berlin, nacho kilivuta abiria juu ya reli. Yaani umeme ulikwisha vuta watu relini miaka 26 kabla Reli ya Kati haijaanza kujengwa. Wala si kila reli mpya inatumia umeme. Jirani zetu wa Kenya walifungua reli yao ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017, na treni zake zilianza kazi kwa dizeli.

Hata hivyo umeme wenyewe una habari nzuri. Sehemu kubwa ya nguvu katika gridi ya taifa hutokana na maji. Katika mto Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka wa 2024, mwaka ule ule treni ilipoanza kazi. Umeme husafiri katika nyaya, ukafika juu ya reli ukiwa na nguvu ya volti 25,000. Juu ya paa la treni uko mkono wa chuma unaougusa waya huo wakati wote wa safari. Mkono huo huuteka umeme, transfoma ikaupunguza nguvu, kisha mota zikazungusha magurudumu. Na treni za namna hii zinapopunguza mwendo, mota hizo hugeuka kuwa jenereta: mzunguko wa magurudumu hufua umeme, nao hurudishwa kwenye waya ili utumike tena. Gari la zamani lilipofunga breki lilipoteza nguvu zake zote kwa joto na kelele.

Umeme huo una adabu yake. Siku chache baada ya safari za Dodoma kuanza, treni ilikwama njiani, na Shirika la Reli likatangaza kwamba ngedere na bundi ndio walioleta hitilafu kwenye nyaya. Watu walicheka sana. Mimi nilicheka pia, lakini baadaye nikafikiri kwamba tangazo lile lilikuwa na somo. Treni ya makaa ilibeba moto wake yenyewe. Treni ya umeme hutegemea mamia ya kilomita za waya, na kiumbe mdogo asiyejua lolote aweza kuisimamisha. Kila ufundi mpya huleta nguvu mpya pamoja na udhaifu mpya.

Sasa kilicho kipya hasa ni nini? Kwa maoni yangu ni hesabu, maana treni hii huenda kwa hesabu zinazofanywa bila kupumzika tangu inapoondoka hadi inapofika.

Tutazame mota kwanza. Umeme wa kwenye waya haufai kupelekwa kwenye mota ulivyo. Ili treni iondoke polepole na kuongeza mwendo bila kuwashtua abiria, umeme huo sharti ukatwe vipande vidogo na kupangwa upya, mara nyingi sana katika kila sekunde. Hakuna mkono wa binadamu uwezao kufungua na kufunga swichi kwa haraka namna hiyo. Kazi hii hufanywa na swichi za silikoni zinazoamriwa na kompyuta. Silikoni ni kitu kilichomo katika mchanga, na hivyo kimetapakaa duniani kote. Kizazi cha swichi hizo kilianza mwaka wa 1947, wakati John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa katika kundi la William Shockley kwenye maabara ya Bell huko Marekani, walipotengeneza transista ya kwanza. Ile ilitengenezwa kwa jemaniamu, na silikoni ikashika nafasi yake baadaye. Leo simu janja moja ina mabilioni ya transista ndani yake. Kwa hiyo kompyuta ya chumba chetu cha maabara, simu ya mama sokoni, na mota za treni ya Dodoma ni watu wa ukoo mmoja, ingawa mmoja ni mdogo kama ukucha na mwingine ana nguvu za kuvuta mabehewa.

Hapo ndipo ninapofika kwa babu yangu. Babu aliingia kazini relini mwaka wa 1972, wakati wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akastaafu mwaka wa 2006. Kwa miaka 34 kazi yake ilikuwa kugeuza njia za reli katika stesheni ndogo ndogo. Reli ya zamani ni njia moja, na treni mbili zikikutana hazina budi kupishana stesheni. Stesheni masta alipiga simu stesheni ya pili kuuliza kama njia ni tupu. Akijibiwa kwamba ni tupu, aliandika karatasi ya ruhusa, akaitia sahihi, akampa dereva. Wakati huo babu alikwisha vuta mkono wa chuma wa kugeuzia njia, akaufunga kwa kufuli, naye amesimama na bendera ya kijani. Usiku alisimama na taa ya mafuta. Ameniambia mara nyingi kwamba katika miaka yote ile hakulala hata dakika moja treni ikiwa njiani. Namsadiki, kwa kuwa hata sasa akisikia honi usiku huketi kitandani.

Wakati wa likizo mwaka wa 2025 nilimpeleka babu Dodoma kwa treni ya umeme kumtazama ndugu yake aliyekuwa mgonjwa. Tiketi niliinunua mimi kwa simu. Niliandika jina lake na namba ya kitambulisho chake, nikalipa kwa simu, na ujumbe ukarudi. Nikamwambia, "Tayari, babu." Akaitaka tiketi. Nikamwonyesha maandishi kwenye kioo cha simu. Akayatazama kwa muda, kisha akasema, "Zamani gari la moshi lilipita mikononi mwangu. Leo hata tiketi yake siwezi kuishika."

Hakusema kwa hasira, ila maneno yale yaliniingia. Ni kweli kwamba stesheni lipo dirisha la tiketi, na mtu asiye na simu janja hafukuzwi. Lakini fundi wa reli wa miaka 34 alihitaji mtoto wa shule ili apande treni bila tabu. Wako wazee wengi kama yeye. Wanaposema mashine hizi ni ngumu, tusiwacheke, maana wao waliendesha nchi hii kwa mikono na kwa kumbukumbu.

Njiani babu hakutazama sana milima wala mahandaki ya Kilosa. Alitazama reli. Tulipopita stesheni moja bila kusimama, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hapa nani anageuza njia?"

Nilimweleza niliyofundishwa na mwalimu wetu wa fizikia. Kando ya reli ziko mota zinazogeuza njia. Huamriwa kutoka chumba cha kuongozea treni, ambako watu hukaa mbele ya vioo wakiona kila treni ilipo. Katikati ya mataruma vimefungwa vifaa vidogo vinavyoiambia treni mahali ilipo, na treni huzungumza na kituo kwa redio. Kompyuta hupiga hesabu: treni iliyo mbele iko wapi, mwendo ni kiasi gani, na ni umbali gani unatakiwa ili kusimama salama. Kwa mwendo wa mita 44 kwa sekunde, dereva akingoja mpaka aione bendera nyekundu kwa macho, amekwisha chelewa. Ndiyo sababu ishara imehama kutoka kando ya reli ikaingia ndani ya chumba cha dereva. Dereva akizidisha mwendo unaoruhusiwa, mashine yenyewe hufunga breki.

Babu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la pili. "Na ikikosea, nani anaulizwa?"

Swali hilo sikuweza kulijibu pale, nami nimeendelea kulifikiri hadi leo. Wakati wa babu kila karatasi ilikuwa na sahihi. Likitokea jambo, sahihi ilitafutwa, na mwenye nayo akasimama mbele ya wakubwa. Baadaye nilimwuliza mwalimu. Alinieleza kwamba mitambo ya namna hii hutengenezwa ili ikiharibika iharibike upande wa usalama: mawasiliano yakikatika, treni husimama badala ya kuendelea. Tena kwa kawaida kompyuta zaidi ya moja hupiga hesabu ile ile, na majibu yasipolingana njia haifunguliwi. Huo ni ulinzi mkubwa kupita macho ya mtu mmoja mwenye usingizi. Lakini mwalimu aliongeza kwamba mashine haiwezi kuulizwa. Mwenye kuulizwa ni mtu aliyeitengeneza, aliyeikagua, au aliyeandika amri zake. Na kama mtu huyo hayupo nchini mwetu, basi swali letu litapanda ndege kwanza kabla ya kupata jibu.

Maneno hayo ndiyo kiini cha makala yangu. Wajenzi wakuu wa vipande vya mwanzo vya reli hii walitoka Uturuki. Vichwa vya treni vimetoka Korea Kusini. Zege la mataruma, kokoto na jasho jingi ni vya hapa hapa, na Watanzania ndio wanaoendesha treni hizo. Hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo kuendesha ni ngazi ya kwanza. Ngazi ya pili ni kutengeneza kilichovunjika. Ngazi ya tatu ni kujua kwa nini kimevunjika, na ya nne ni kubuni kingine kilicho bora. Nchi inayobaki kwenye ngazi ya kwanza itakuwa mteja siku zote, na mteja hupangiwa bei.

Yafaa pia niseme habari za waliopata hasara, kwa maana maendeleo yakisimuliwa kwa upande mmoja huwa kama ngoma iliyopasuka upande mmoja. Shangazi yangu alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga, mayai na machungwa katika stesheni ndogo wilayani Kilosa. Treni ya zamani iliposimama, yeye na wenzake walikimbia na sinia zao kutoka dirisha hadi dirisha, na kwa dakika kumi zile walipata ada ya shule ya watoto wao. Ujenzi ulipoanza mambo yalizidi kuwa mema. Aliwapikia vibarua wa reli, akaezeka nyumba yake kwa bati. Kisha ujenzi ulikwisha na vibarua wakaondoka. Treni mpya haisimami kwake, na madirisha yake hayafunguliwi. Wasafiri waliotoka Dar es Salaam asubuhi hufika Dodoma kabla njaa haijawashika sawasawa.

Shangazi hakukaa kulia. Yeye na wanawake watano wameungana kununua mpunga wa wakulima wa jirani, kuukoboa na kuutafutia wanunuzi mjini Morogoro kwa simu. Fedha huja kwa simu, na mchele huenda kwa lori. Anasema faida ni ndogo kuliko ya siku za vibarua, ila ni ya kudumu zaidi. Lakini siwezi kudai kwamba wote wamefanikiwa hivyo. Katika wauzaji wa stesheni ile wako ambao hawakuwa na mtaji, wengine hawajui kusoma ujumbe wa simu, na wamerudi shambani wakiwa maskini kuliko kwanza. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nao ndio waliobaki na kidonda. Sikubaliani na mtu asemaye kwamba kwa ajili yao reli isingejengwa. Wala sikubaliani na asemaye kwamba hao si kitu mbele ya maendeleo. Nchi iliyoweza kuhesabu mahali treni ilipo kila sekunde, hakika yaweza kuwahesabu na watu ambao treni imewapita.

Na kazi mpya zipo. Mwaka wa 2025 treni za mizigo nazo zilianza safari kwenye reli ya kisasa. Mzigo unaofika salama na kwa wakati hukivuta kiwanda, na kiwanda huhitaji mafundi wa umeme, wapimaji, waandishi wa programu za kompyuta, watunza ghala, na mama lishe pia. Lakini kazi hizo hazitamfuata mtu nyumbani kwake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Vijana wenzangu, sisi huinamaje? Nitataja mambo machache tu. Tunapofundishwa sumaku na umeme katika fizikia, tusikariri ili kupita mtihani, bali tujue kwamba tunasoma mota ya treni. Tunapopiga hesabu za mwendo na umbali, tukumbuke kwamba maisha ya abiria yamefungwa katika hesabu hizo. Tukipewa nafasi mbele ya kompyuta ya shule, tusiishie kuandika barua na kutazama picha. Tujaribu kuiamuru, hata kwa programu ndogo ya mistari kumi, ili tujue kwamba kila inachofanya kimeandikwa na mtu. Redio mbovu nyumbani isitupwe kabla ya kufunguliwa na kutazamwa. Na wazazi wanaosoma gazeti hili nawaomba wasiwaambie mabinti kwamba bisibisi ni ya wavulana. Waya wa volti 25,000 hauulizi.

Jambo la mwisho tulichukue kwa wazee. Babu hajui silikoni ni nini, lakini anajua jambo ambalo kompyuta yoyote haliwezi kulijua: ya kwamba nyuma ya kila taa ya kijani sharti awepo mtu aliye tayari kuulizwa. Treni ya moshi ilitaka mtu wa namna hiyo, na hii isiyo na moshi inamtaka vilevile, ila huyu wa sasa lazima awe amesoma zaidi. Natumaini kwamba siku moja mzee mwingine akiuliza ndani ya treni, "Hapa nani anaulizwa?" atakuwapo karibu kijana aliyetoka shule kama yetu, ambaye ataweza kumjibu, "Niulize mimi, babu."

Mwanafunzi, Kidato cha Tano